Homa Iliyokuja Kila Saa Kumi

Tangu tumalize kidato cha nne, kila Jumapili jioni nilikuwa nawaandikia wenzangu sita niliosoma nao habari za wiki kwenye simu. Hazikuwa habari kubwa. Viboko wametoka ziwani wameharibu mahindi ya mtu. Mvua imepiga Singe, Sigino hata tone. Nimemwona mwalimu wetu wa hesabu sokoni, amenunua nyanya bila hata kuomba apunguziwe. Wao wako Arusha, Dodoma, mmoja Songea, na walisema nikiandika wanaiona Babati. Halafu nikanyamaza. Walipouliza nikajibu, "Naumwa kidogo, nitawasimulia."

Nimepona sasa, kwa hiyo nasimulia. Lakini siwaandikii hao sita tu. Katika miezi ile nilikaa kwenye benchi nyingi za kusubiria, na nilikutana na watu wenye homa kama yangu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza swali lililonisaidia mimi. Sina elimu ya udaktari. Nitaeleza nilichokiona, kwa mpangilio nilivyokiona, pamoja na kosa nililolifanya mwenyewe.

Ilianza Julai, kwenye baridi. Nilikuwa nimepanga chumba Bagara na nafanya kazi kwa Bi Zuhura, mwenye duka la vifaa vya shule na ofisi karibu na stendi. Babu yake alikuja Babati kutoka pwani kufanya biashara, wakabaki. Mimi nilikuwa natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti na kuchapa barua za kuomba kazi. Siku moja saa kumi jioni, watoto wa shule wakiwa wanapita na masweta yao, baridi ikanishika kuanzia mgongoni. Nikavaa koti. Baada ya nusu saa nikalivua kwa joto. Nilipofika chumbani nguo zilikuwa zimelowa jasho lenye harufu ya nyasi kavu zilizonyeshewa. Asubuhi nikaamka mzima kabisa. Kesho yake saa kumi, tena.

"Homa yako inaijua alasiri kuliko mimi," alisema Bi Zuhura wiki ya pili. "Mimi nasubiri adhana, yenyewe inatangulia."

Tulicheka. Ndiyo shida ya homa hii, asubuhi inakuacha unacheka. Ukienda kupima asubuhi huna kitu, na watu wanakuona unajidekeza.

Katika miezi miwili nilimeza dawa za malaria mara mbili na za taifodi mara tatu, nyingine za duka la dawa, nyingine za zahanati. Kila dozi ilinipa siku nne tano za nafuu, kisha saa kumi inarudi. Sketi ya kazini niliibana kwa pini, baadaye kwa pini mbili. Nyonga ya kulia ilianza kuuma nikikaa, kisha nikisimama, mwisho nikawa napanda ngazi mbili za duka kwa kushika ukuta. Nywele zilibaki kwenye kitana. Kwa kuwa napenda vitu vikae kwa mpangilio, nilichukua daftari dogo nikawa naandika: saa homa ilipokuja, ilipoondoka, nilichokula, panapouma. Sikujua kama litasaidia. Lilinipa kazi ya kufanya wakati natetemeka.

Kwenye benchi la zahanati mama mmoja mwenye khanga ya njano alinitazama mikono, akatazama shingo, akasogea karibu.

"Binti, usiogope," akaninong'oneza. "Siku hizi dawa zipo. Unameza, unaishi, unazaa."

"Nimeshapima, mama. Sina."

"Umepima lini?"

"Mwezi uliopita. Na mwezi huu."

Akafikiri. "Kapime na wa tatu."

Nilimuaga tu vizuri nikahama benchi. Lakini nilijua anachosema ndicho kinachosemwa na wengine nyuma yangu, pale Bagara na kule nyumbani.

Nyumbani ni Sigino, nilikokuwa nikirudi wikendi nyingi. Baba alifariki nikiwa darasa la saba, na mama akatulea mimi na mdogo wangu Damiani kwa shamba la mahindi na mbaazi na ng'ombe. Ng'ombe mmoja, akizaa ndama anauzwa, anabaki yeye. Wakati naugua ng'ombe alikuwa anaitwa Sifa, mwekundu, mpole, mwenye tabia ya kugeuza kichwa kumtazama anayemkamua. Watu Sigino wanamwita mama yangu Mama Emi, kwa jina langu. Nguo zangu za sekondari, daftari, sabuni, vyote vilitoka kwenye maziwa, na mama hakuwahi kuyasema hayo ili tumshukuru. Aliyasema ili tumheshimu ng'ombe.

Agosti ilipoisha na mbaazi zikiwa zinavunwa, mama alikuja Bagara na begi tupu. Hakukaa.

"Weka nguo humu," alisema. "Mji unakumaliza."

Bi Zuhura alinipa ruhusa, akasema kiti changu hatampa mtu. Nikarudi Sigino kulala kwenye kitanda changu cha zamani na kupewa, kila asubuhi, kikombe kikubwa cha maziwa kutoka kwenye kibuyu.

Ambaye hajakulia kwetu inabidi aelezwe kibuyu. Mama alizaliwa milimani, upande wa Mbulu, na alikuja na namna yake ya kutunza maziwa. Kibuyu kinasuguliwa ndani kwa kijiti chenye kaa la moto, kinafukizwa, halafu maziwa yanamiminwa kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Yanakuwa na harufu ya moshi mtamu na vipunje vyeusi vya mkaa. Hayachemshwi. Ya kuchemshwa ni ya chai. Mama hukuambia kwamba maziwa yaliyochemshwa yamekufa, na kwamba yakifurika yakamwagikia moto, chuchu za ng'ombe zinapasuka. Mgonjwa anapewa yaliyo hai. Mgeni pia. Ukimpa mgeni maziwa ya kuchemsha ni kama umempa makombo.

Nilikunywa mwezi mzima na zaidi. Saa kumi haikukosa hata mara moja.

Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mama aliuza kuku wawili tukaenda hospitali. Yeye alibaki kwenye foleni ya maabara kushika nafasi, mimi nikaingia kwa daktari, kijana mwenye macho yaliyochoka. Nilimpa daftari langu. Alisoma kurasa zote, kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amefanya, na akauliza maswali yasiyohusu mwili wangu.

"Nyumbani mna mifugo?"

"Ng'ombe mmoja."

"Amewahi kutupa mimba?"

Nilishangaa amejuaje. "Mwaka juzi. Mama ndiye aliyemtoa ndama kwa mikono, alikuwa ameshakufa. Baadaye akazaa vizuri."

"Maziwa mnachemsha?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Majibu ya damu yalitoka mchana. Aliniambia jina la ugonjwa, brusela, na akanieleza kwa maneno machache kwamba ng'ombe anaweza kuwa nao bila kuonekana mgonjwa, na kwamba unapita kwenye maziwa mabichi. Akaandika vidonge vya wiki sita na sindano kila siku kwa wiki mbili. "Na vidonge hivi usinywe na maziwa ya aina yoyote," aliongeza, "vinapoteza nguvu."

Nilitoka nje. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa maabara na mkoba wangu, amenishikia pia ganda la ndizi nililokuwa nimemwachia, hajapata pa kulitupa.

"Wamesema nini?"

Hapa ndipo nilipokosea, na naomba anayesoma apaangalie vizuri. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Nikaona mikono yake, vidole vilivyokakamaa kwa kukamua, na nikaona itakavyosikika: mama, ulichokuwa unanipa kila asubuhi ili nipone ndicho kinachoniumiza. Sikuweza.

"Ni maambukizi kwenye damu," nilisema. "Kuna dawa. Ila daktari amekataza maziwa kwenye hii dozi."

"Wiki ngapi?"

"Sita."

"Sita!" Akatikisa kichwa kama amesikia msiba. "Haya. Wiki sita siyo mwaka."

Haukuwa uongo. Ndiyo maana uliniwia rahisi.

Sindano zilitolewa na muuguzi mnene mwenye utani, aliyekuwa akiniambia nibadilishe upande leo ili kesho nipate wa kukalia kwenye bodaboda. Masikio yalilia kama nyenje. Vidonge vilinichoma tumbo, na vilifanya ngozi ichukie jua. Nikitembea dakika kumi bila kujifunika, mikono inawaka na kubabuka. Mvua za vuli zilianza, watu wakawa mashambani wanapanda, mimi napita barabarani nimejitanda kitenge mpaka puani. Mama Paskali, jirani yetu, aliita kutoka shambani, "Emi, unatoroka na nani?"

Siku ya kumi na tatu saa kumi haikuja. Nilikaa mlangoni nikiisubiri, nimevaa sweta tayari. Ikafika saa kumi na moja, kuku wakaanza kurudi bandani, mwili wangu ukiwa wa kawaida tu, si moto si baridi. Nilimwita mama aje anishike paji la uso. Alishika, akashika tena kwa mkono wa pili, kisha akaingia ndani. Nilipomfuata nilikuta amekata siku ile kwa kalamu kwenye kalenda ya kanisa iliyoko ukutani. Siku zote za nyuma zilikuwa zimekatwa. Alikuwa anahesabu wiki zangu sita, akingoja siku atakayoruhusiwa kunipa maziwa.

Bi Zuhura nilimwambia ukweli. Nilianza kurudi dukani siku tatu kwa wiki, naye alikuwa amenitengenezea mto wa kiti kwa ajili ya nyonga.

"Mama yako anajua?" aliuliza.

"Nitamwambia."

"Mwambie kabla dozi haijaisha, mwanangu. Ikiisha utakuwa huna pa kujificha."

Dozi ikaisha Jumamosi moja ya Desemba. Zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali ilikuwa imeangukia nyumbani kwetu Jumamosi ileile, na mama akaigeuza kuwa sala ya shukrani kwa ajili yangu. Walikuja watu kumi na wawili. Walisali, wakaimba, mwenyekiti wa jumuiya akasema maneno mazuri kuhusu mimi, mengine siyo kweli. Kisha mama akaingia na kibuyu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Akamimina kikombe cha kwanza, akakileta kwangu kwa mikono miwili mbele ya wote.

"Kunywa, mwanangu. Dozi imeisha. Sasa urudishe damu."

Nilikishika. Mwanamke mmoja alikuwa ameshaanza kigelegele. Nilijua ninachojua. Nikamtazama mama usoni, na nikanywa chote. Wakanywa na wengine, mmoja baada ya mwingine, wakifuta midomo na kuusifu moshi wa kibuyu. Nami nikawatazama tu.

Baada ya hicho cha kwanza sikuwa na sababu ya kukataa cha pili. Nilirudi chumbani kwangu Bagara, na wikendi tatu nilizokuja nyumbani nilikunywa.

Katikati ya Februari, dukani, nikiwa nachapa barua ya mtu anayeomba kazi ya ulinzi, herufi zilianza kutetemeka. Bi Zuhura aliangalia saa ya ukutani kabla ya kuniangalia mimi. Aliniletea koti.

Mara hii nyonga ilinishinda. Nilikwenda hospitali na fimbo, kwenye benchi lilelile, na daktari yuleyule alisoma majibu akafunga faili.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Mama yako anajua ugonjwa unatoka wapi?"

Nikaitazama fimbo yangu. Hakunigombeza. Alisema dozi ya pili itakuwa ya miezi mitatu, na nyonga ikiendelea hivi anaweza kunipeleka kwenye hospitali kubwa, na hawezi kuniahidi kwamba nitatembea kama zamani.

"Mimi naweza kuandika dawa," alisema akinirudishia karatasi. "Hilo lingine siwezi kukuandikia."

Nilimwambia mama kesho yake, jikoni. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilisimama kwa sababu kukaa kuliniuma, na nikasema yote bila kupumzika: brusela, Sifa, maziwa mabichi, Oktoba.

Mikono yake iliendelea na maharage kwa muda. "Nani anasema?"

"Daktari. Vipimo."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Oktoba, mama. Siku ile ya maabara."

Akaweka ungo chini. "Kwa hiyo siku ya jumuiya ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanywa."

"Ndiyo."

"Ukawaacha na watu wa Mungu wakanywa, kwenye nyumba yangu, kwa mkono wangu." Hakupaza sauti. "Emiliana, mimi nimezika mume. Nimelima peke yangu. Umeona nini kwangu mpaka nikawa mtu wa kufichwa?"

Niliinama kwa shida kuuokota ungo, yeye akautwaa mwenyewe.

Zilifuata siku tisa ambazo sitapenda kuzirudia. Aliniletea chai ya rangi, uji, maji ya kuoga, vyote kwa wakati. Hakunisemesha zaidi ya "Kula" na "Dawa". Alimkamua Sifa asubuhi kama kawaida na kumwaga maziwa kwenye shimo nyuma ya zizi, na mlio wa kumwagika nilikuwa nausikia nikiwa kitandani. Damiani alipiga simu kutoka Arusha, ana hasira.

"Unamwambiaje mama kwamba amekulisha sumu?"

"Sijasema sumu."

"Sisi wote tumekunywa hayo maziwa, mbona wazima?"

"Wewe umeondoka nyumbani lini, Damiani?"

Akakata simu. Alipiga tena baada ya wiki, akiuliza hiyo brusela inapimwa wapi.

Siku ya kumi mama alivaa viatu vya kutokea akaenda ofisi ya kata bila kuniaga. Alirudi na bwana mifugo. Huku maafisa mifugo wote tunawaita hivyo, na huyu alikuwa binti wa rika langu, amevaa buti za mvua na amesuka vizuri. "Shikamoo, Mama Emi," alisema. "Naomba mumshike kichwa." Akamtoa Sifa damu shingoni. Majibu yalikuja wiki iliyofuata na yalikuwa kama tulivyotegemea. Alisema huyu hafai kubaki na hafai kuuzwa kwa kufugwa; achinjwe, na yeye atakuwepo.

Mama Paskali alikuja kutoa pole, akakaa kwenye kigoda, akasema kwa sauti ya kumwonea mama huruma, "Mpeleke mnadani, mwenzangu. Wanunuzi wa mbali hawaulizi."

"Na huyo wa mbali hana watoto?" mama akauliza.

"Mimi nasema tu."

"Sikiliza basi na mimi ninavyosema. Hapana."

Sifa aliondoka Jumanne asubuhi. Mama alimtoa mwenyewe zizini kwa kamba na kutembea naye mpaka njia kuu. Aliporudi, akasimama mlangoni kwangu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliniambia sentensi ndefu.

"Sasa utakwenda kwa wale kumi na wawili. Kila nyumba. Utawaambia wewe, kwa mdomo wako, wakapime. Mimi nitakusindikiza mpaka mlangoni."

Tulikwenda, mimi na fimbo, yeye hatua moja nyuma. Ilituchukua siku tatu kwa sababu ya nyonga. Wengi walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Mzee mmoja alicheka, akasema amekunywa hivyo tangu anyonye na hatakwenda kokote. Yule mwanamke wa vigelegele alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mlitulisha ugonjwa na sala juu?"

"Ni mimi, mama. Yeye hakujua."

Alimtazama mama aliyesimama nje ya uzio, halafu akanitazama mimi. "Mtoto wa kike," alisema, "ungemwagia chini tu hicho kikombe. Tungesema umeteleza." Akaingia ndani. Lakini alikwenda kupima, na wengine watano pia. Wawili walikutwa nao, wakaanzishiwa dawa mapema kabla haujafika kwenye mifupa.

Dozi ya pili iliendelea mpaka masika. Barabara ya kwetu iligeuka tope, pikipiki zikawa zinatuacha njiani, na nilijifunza kutembea tena kwa kuhesabu: nyumba mpaka mti wa mkangazi, kesho mpaka kwenye bomba la maji. Ngozi ilibabuka kama mwanzo, ila mawingu ya mlima Kwaraa yalinisaidia, kuna siku jua halikuonekana kabisa. Saa kumi ilipungua, ikawa inakuja mara moja kwa wiki, ikakosa wiki mbili, ikakoma. Mahindi yalipokuwa yanabeba nilikuwa natembea bila fimbo. Nyonga bado inanikumbusha nikikaa sana, na daktari amesema huenda ikabaki hivyo. Nimeikubali.

Unayesoma hii na una homa inayokuja jioni na kukuacha asubuhi, ukiwa unatoka nyumba yenye ng'ombe au mbuzi, mwambie daktari habari za mifugo yenu hata kama hajauliza. Andika saa zako. Chemsha maziwa. Na aliyekupa kikombe, mwambie. Mimi nilidhani namlinda mama, kumbe nilikuwa namfanya aniumize mara ya pili bila kujua.

Sasa nimalizie na mama mwenyewe. Kwa miaka kadhaa amekuwa akilalamika mgongo na kuchoka jioni, na tulisema ni jembe, ni umri. Wakati wote wa dozi yangu alikataa kupima. "Mimi nimezeeka tu," alisema, na nikajua asichotaka ni kukaa kwenye benchi lile na kuulizwa maswali. Mwezi Juni, bila mimi kumwomba, aliniambia Alhamisi anakwenda, kama nina nafasi nimfuate.

Tulifika mapema. Tulipewa namba, tukakaa. Pembeni yetu alikaa mama kijana wa kutoka vijiji vya juu, amemleta mume wake ambaye alikuwa amejikunja kwenye blanketi ingawa kulikuwa na jua. Yule mama alifungua chupa ya chai akamimina maziwa kwenye kifuniko. Niliona vipunje vyeusi vya mkaa vikielea. Nikavuta pumzi ili niseme, lakini nilikuwa natafuta namna ya kulianza.

"Umechemsha?" mama akauliza.

Yule mama akatabasamu. "Hapana, mama. Ni ya leo asubuhi, mazima kabisa. Namtafutia nguvu."

"Homa yake inakuja saa ngapi?"

"Jioni jioni hivi. Mmejuaje?"

Mama aliweka mkono juu ya kifuniko cha chupa, taratibu, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni. Watu wa benchi zima walikuwa wanatazama. Yeye ni mtu asiyependa kutazamwa.

"Huyu hapa ni binti yangu," alisema. "Miezi mingi alitembea na fimbo. Ni maziwa. Nilimpa mimi mwenyewe, kila siku, kwa mapenzi kama yako. Mwacheni daktari aseme ya kwake, lakini hayo usimpe hivyo."

Mume akatoa uso kwenye blanketi. Yule mama akawa anamtazama mama, anaitazama chupa. "Sasa nimpe nini? Tumetoka na njaa."

"Hayohayo. Nje ya geti kuna mama lishe ana jiko. Twende, atatubandikia."

Mama akainuka, akamshika mwenzake mkono, wakatoka na chupa. Hakunitazama wala hakuniambia nishike nafasi. Haikupita muda muuguzi akafungua mlango na kuita jina la mama. Akaita tena. Nilisimama.

"Yupo," nilisema. "Tafadhali mpisheni mwingine kwanza. Yuko nje, anachemsha maziwa."